Neno OK si la mababu zetu

Kuna habari inayozunguka siku hizi katika mikutano ya utamaduni: eti neno OK, lile dunia nzima inasema, lilitoka Afrika, watumwa walilivusha bahari, kisha Wazungu wakaliiba. Vijana wanapiga makofi. Sisi tunaofundisha lugha tunakataa.

Tuangalie maandishi. OK ilichapwa mara ya kwanza tunayoijua katika gazeti Boston Morning Post, tarehe 23 Machi 1839. Wakati ule waandishi wa Boston walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno kwa herufi, tena kwa kuyakosesha makusudi. "All correct", maana yake yote ni sawa, wakaifanya "oll korrect". Basi O na K. Mchezo wa batoto kabisa! Vifupisho vingi vya namna ile vilikufa. OK iliponea kwa siasa: mwaka 1840 Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, aliomba kura tena, na watu wake wakamwita Old Kinderhook, yaani Mzee wa Kinderhook. Herufi ni zile zile. Kura alikosa, neno likabaki. Profesa Allen Walker Read alifukua magazeti hayo yote na kutoa ushahidi mwaka 1963 na 1964.

Watatuambia: Wawolofu wako na maneno yanayofanana, na nani aliandika masemi ya watumwa? Ni kweli, hawakuandikiwa gazeti. Lakini karatasi isiyokuwako haishuhudii kitu, na kufanana si kuzaliwa.

Ajabu ni hii. Kusini ya Marekani, karanga inaitwa hata leo "goober". Wenye kamusi wanasema ni nguba ya Kikongo, nguba ile ile wanauza Kinshasa kila siku! Watumwa wa kwetu waliibeba kinywani, hawakuwa na mzigo mwingine. Hata "chimpanzee", lililoingia Kiingereza mwaka 1738, lilitoka katika lugha za jamaa ya Kikongo. Hayo nani anayasimulia? Hakuna. Juu nguba ni kitu cha sokoni, haipigiwi makofi.

Kijana wetu akisimama mbele ya watu waliosoma na ile hadithi ya OK, watamcheka. Kisha akitaja nguba, watacheka vilevile, na hapo itakuwa ya kweli. Basi tunaomba kamati ya vijana: OK itoke katika mafundisho ya likizo, nguba iingie.