Tumekata Bima, Tumekingwa na Nini?

Wafanyabiashara wengi wakiulizwa kama wamejikinga na hasara, huitoa hati ya bima kabatini, na mazungumzo yakaishia hapo. Sisi hatuna ugomvi na hati hiyo. Tunalohoji ni hili: ni wangapi walioisoma hadi kurasa za mwisho, kunakoandikwa yale yasiyofidiwa?

Tuchukue kisa cha kampuni ya Sony. Mwezi Aprili 2011 wadukuzi waliingia katika mtandao wake wa michezo ya PlayStation, wakazifikia taarifa za akaunti zipatazo milioni 77. Wateja wakaishitaki. Sony nayo ikamwendea mtoa bima wake, Zurich, ikiwa na hati ya bima ya dhima ya biashara, iliyoahidi kulipa pale siri za mtu zinapotangazwa. Zurich ikakataa, na shauri likafika mahakamani New York. Mwaka 2014 jaji akaamua kwamba siri zilitangazwa kweli, lakini aliyezitangaza ni mdukuzi, ilhali hati ilikusudia utangazaji wa mwenye bima mwenyewe. Tazama, ndugu msomaji! Lau Sony ingezimwaga siri hizo kwa mkono wake, ingekuwa na hoja. Kwa kuwa iliibiwa, haikuwa nayo. Rufaa ilikatwa, na mwaka 2015 pande mbili zikapatana kabla haijaamuliwa.

Wala si lafudhi hiyo pekee. Hati za kawaida za bima ya dhima huko Marekani hufidia uharibifu wa mali inayoshikika, nazo zimebainisha kuwa data za kompyuta si mali ya aina hiyo. Ukiliunguza duka la jirani, bima hulipa. Ukimpotezea kumbukumbu zake zote za hesabu, bima hiyo hiyo hunyamaza.

Watasema wengine: basi na ikatwe bima maalumu ya mtandao. Rai hiyo ni njema, ila nayo ina mianya. Tangu 31 Machi 2023 soko la bima la Lloyd's, London, limewataka wanachama wake kutofidia, katika bima za aina hiyo, mashambulizi makubwa yanayofadhiliwa na dola. Je, nani atathibitisha kwamba mdukuzi alitumwa na dola, au na tamaa yake? Kampuni ya dawa ya Merck, iliyopigwa na kirusi cha NotPetya mwaka 2017, ilivutana na watoa bima wake juu ya maana ya vita hadi ilipopatana nao Januari 2024.

Tusidhani haya ni ya Wamarekani tu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mwenye zahanati au shule anayeweka majina na namba za simu za watu anawajibika kuzilinda. Kwa hiyo, kabla ya kulipia mwaka mwingine, wakala wa bima aulizwe: taarifa za wateja zikiibwa na mtu wa nje, mtalipa? Mafaili yakifutika, gharama ya kuyarejesha ni ya nani? Akijibu kwa mdomo, aombwe aandike.