Jina la jedwali liseme mipaka yake

Niseme kidogo kuhusu mionekano ya mfumo, yale majedwali ya kusomwa tu yanayoeleza kanzidata ina nini ndani. Hapa Oracle wamepatia: USER_TABLES huonyesha majedwali yako, ALL_TABLES yale unayoruhusiwa kuyafikia, DBA_TABLES yote. Ukisoma mwanzo wa jina tu, umeshajua upeo. PostgreSQL nayo imejitengea pg_, kwa hiyo skima zetu tusizianze kwa herufi hizo.

Sisi wa wilaya ya Mbinga, Tanzania, somo hili la upeo wa jina linatuhusu hasa. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kwetu mwaka 2012, ikaondoka na Liuli na Mbamba Bay. Sensa ya 2002 iliwahesabu watu wa ufukwe wa Ziwa Nyasa chini ya Mbinga. Ya 2012 ikawahesabu Nyasa. Sasa mwonekano ukiitwa "mbinga_kaya" tu, nani atajua kama watu wale wa ziwani wamo? Na hapo bado kuna Halmashauri ya Wilaya na ya Mji, zote zinaitwa Mbinga.

Ndugu zangu wa TEHAMA, wekeni halmashauri na mwaka ndani ya jina: mbinga_dc_kaya_2022 (dc ni Halmashauri ya Wilaya). Refu, lakini halimpotezi mtu.