GARI LA UMMA LISIENDE UPANDE

Ni vyombo vichache viwatumikiavyo wananchi wa Tanzania kwa uvumilivu kama pikapu. Ndiyo ichukuayo mbegu na mbolea kutoka ghala la chama cha ushirika hadi kwa mkulima. Ndiyo ipelekayo dawa kwenye zahanati, saruji shuleni, na mafundi wa maji kwenye kisima kilichoharibika. Pikapu ikisimama, kazi nyingi husimama nayo. Kwa hiyo twaona inafaa leo kusema habari za magurudumu yake, na hasa ile kazi ambayo madereva na mafundi huiita alaimenti, yaani kuyapima na kuyanyosha magurudumu ili yote yaelekee njia moja.

Jambo hili mara nyingi huja ofisini kwa sura ya ugomvi. Tairi jipya limelika upande kabla ya wakati wake. Mkuu wa kazi amwita dereva, amwita mzembe, na kumwambia kuwa thamani ya tairi itakatwa katika mshahara wake. Dereva naye ajibu kwamba aliomba gari lipimwe, akaambiwa fedha hakuna. Je, nani mwenye haki?

Sisi twasema kwamba ushahidi upo, nao umeandikwa juu ya tairi lenyewe. Tairi lililokosa upepo hulika kingo zote mbili. Lililojazwa upepo kupita kiasi hulika katikati. Lililoburuzwa kwa breki za ghafula huonyesha bapa mahali pamoja. Lakini tairi lililolika ukingo mmoja tu, au ambalo ukilipapasa kwa kiganja lakwaruza kama meno ya msumeno ukienda upande mmoja na ni laini ukirudi, hilo kwa kawaida lasema kuwa gurudumu halikuelekea sawasawa. Hapo yapasa kwanza kulipima gari, kisha ndipo lije neno la kumhukumu mtu.

Wako watu wadhanio kuwa upungufu wa milimita chache si kitu. Na tufanye hesabu. Chukua gurudumu lenye upana wa milimita 700 toka ukingo wa mbele hadi ukingo wa nyuma. Ikiwa ukingo wake wa mbele umeingia ndani milimita 3 kuliko inavyotakiwa, basi katika kila kilomita moja tairi hilo hukokotwa kando zaidi ya mita 4. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, safari ya kilomita 190 hivi, litakuwa limesuguliwa upande karibu mita 800. Mpira gani utastahimili msuguano huo kila siku? Nayo injini huzidi kula mafuta ili kuushinda.

Hasara ya mpira na mafuta ingawa kubwa, si ndiyo iliyo kubwa kupita zote. Gari livutalo upande humchosha dereva, kwa kuwa mikono yake hushindana na usukani safari nzima. Mvua ikinyesha na tairi limekwisha kuwa kipara, gari huteleza, na ndani yake wamo wafanyakazi waliotoka nyumbani asubuhi wakitumaini kurudi jioni. Tairi hununuliwa tena, lakini roho ya mtu hainunuliwi.

Basi kazi hii ifanywe, na ifanywe ipasavyo. Fundi mwema hakimbilii mashine. Kwanza husawazisha upepo wa matairi. Kisha huinua gari kwa jeki na kutikisa magurudumu, akitafuta beringi, bushi, bolijointi na ncha za tairodi zilizolegea. Maana kulipima gari lenye viungo vilivyolegea ni kupoteza fedha, vipimo vitapotea tena kwenye shimo la kwanza. Hutazama pia springi za nyuma. Pikapu nyingi zina ekseli nzima nyuma, nayo hushikwa na yubolti juu ya springi. Zikilegea, ekseli husogea na gari huenda kwa mwendo wa kaa, na hapo kurekebisha magurudumu ya mbele peke yake hakutatibu ugonjwa.

Mwenye gari naye ajue la kudai. Adai karatasi ya vipimo vya kabla na baada ya kazi, na gari lijaribiwe barabarani mbele ya dereva wake. Usukani ukitetemeka kwenye mwendo mkali, huenda dawa ni balansi, ambayo ni kazi nyingine. Asilipie moja akidhani amepata nyingine. Na mahali pasipo mashine, fundi hodari aweza kwa futi na chaki kupima nafasi iliyo kati ya matairi ya mbele, upande wa mbele na upande wa nyuma, akagundua kosa kubwa kabla halijala mpira. Hatupimi mwinamo wote kwa njia hiyo, lakini ni afadhali kuliko kungoja.

Tutaambiwa kuwa fedha ni haba. Twakubali kuwa ni haba. Na ndiyo sababu haifai kuzitupa. Gharama ya kupima magurudumu ni ndogo mno mbele ya bei ya tairi moja jipya. Tena tukumbuke kuwa kiwanda cha matairi cha Arusha, kilichoanza kazi katika miaka ya mwanzo baada ya Azimio la mwaka 1967, kilisimama kabla ya mwaka 2010. Matairi tunayoyamaliza ovyo huagizwa nje kwa fedha za kigeni, zilizopatikana kwa jasho la mkulima wa korosho na kahawa.

Juu ya mshahara wa dereva, sheria haikunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata ujira kwa ajili ya hasara kwa kutamka tu. Ni lazima hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe. Sababu na kiasi viandikwe. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Na makato yasizidi robo ya ujira wake. Mkuu aliyenyima gari matengenezo hawezi kumbebesha dereva matokeo yake. Lakini dereva naye asijifiche nyuma ya sheria. Apasa kupima upepo, kupunguza mwendo kwenye mashimo, na kuandika katika daftari la gari siku aliyoona linavuta. Neno lililosemwa tu husahauliwa, lakini lililoandikwa humtetea.

Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 27, yamtaka kila mtu kuilinda mali ya umma. Wajibu huo hautimizwi kwa hotuba peke yake. Twawasihi wanachama walio katika ofisi, halmashauri na vyama vya ushirika waulize katika vikao vyao: gari letu lilipimwa lini? Karatasi ya vipimo iko wapi? Lipimwe kila mwaka walau mara moja, na tena kila litiwapo matairi mapya, libadilishwapo viungo vya mbele, au lipigwapo na shimo kubwa. Wafanyakazi wa gereji nao wafanye kazi hiyo kwa uaminifu, wasitoe karatasi ya kazi isiyofanyika.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu leo ni milimita 3. Na uzibwe mapema, kabla dereva hajakatwa mshahara asioustahili kukatwa, na kabla jamaa ya mfanyakazi haijaletewa habari za msiba.