Tuwaachie Njia Waenda kwa Miguu

Wakazi wenzangu wa Dar es Salaam, hebu mtazameni asiyeona anavyopita mtaani kwetu asubuhi. Fimbo yake nyeupe inagonga tairi la bodaboda iliyoegeshwa, anazunguka. Inagonga meza ya vitumbua. Anazunguka tena, na mbele yake kuna mtaro usio na mfuniko. Mwishowe anashuka barabarani, kwenye bajaji na daladala, kwa kuwa njia aliyotengewa tumeimaliza sisi. Mwenye kiti mwendo hata pa kuzungukia hana.

Sitaki mgambo waje kumwaga vitumbua vya mama wa watu. Tukae naye, pamoja na vijana wa kijiwe, tukubaliane biashara iishie wapi na kiti mwendo kipite wapi.

Nanyi madereva, gari la mbele likisimama kwenye zebra, msilipite, nawasihi. Mtoto wa darasa la kwanza akiwa mbele ya daladala iliyosimama hammwoni, naye hawaoni ninyi. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Mbele ya shule tudai 30, na matuta ya kuilinda hiyo 30.

Jambo hili linawezekana. Shirika la Amend lilipitia shule kadhaa za jiji hili moja moja, likajenga njia za miguu, matuta na vivuko, na mahali pengine likahamisha hata geti la shule lisitazame barabara yenye magari mengi. Mwaka 2019 kazi hiyo ilishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Mtaa wetu usisubiri mfadhili ndipo uanze.

Twendeni kwenye mkutano wa mtaa. Mitaro iliyo wazi, taa zilizokufa na kivuko kilichofutika viingie kwenye muhtasari, kisha barua ipite kwa mtendaji na diwani hadi kwa wakala wa barabara: TARURA, au TANROADS kama barabara ni yao. Tufuatilie majibu kwa zamu, asiachiwe mwenyekiti peke yake. Na ikiwa ofisi ya mtaa ina ngazi, mkutano ufanyike nje, ili wenye viti mwendo wawe wa kwanza kusema.