Michezo Iliyofungiwa Ndani

Neno la Mhariri

Mwanzoni mwa mwaka 2013 kampuni ya Sony ilithibitisha kwamba imeacha kutengeneza PlayStation 2. Mashine zaidi ya milioni 150 zilikuwa zimeshauzwa duniani. Gemu za mwisho za mpira, PES 2014 na FIFA 14, zilitoka kabla mwaka haujaisha, na kwa hesabu za wenye mali kazi ikawa imekwisha. Habari hiyo haijafika Mwanga, hapa Kigoma. Pita jioni kwenye mabanda ya gemu, Mwanga au Ujiji, utazikuta PS2 zinanguruma, padi zimezungushiwa solotepu, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa Ronaldinho alipotua Barcelona wanagombania kumchezesha. Anayefungwa anatoka, anayefuata anakaa. Ukiwaambia kwamba mashine hiyo ilishakufa watakuuliza kama umelipia au umekuja kuziba njia.

Toleo hili tumelitenga kwa gemu ambazo hazikuwahi kutoka. Sizungumzii gemu mbovu zilizostahili kuachwa. Hizo zipo, na ziende. Nazungumzia kazi ya mtu mmoja, au wawili watatu wasio na kampuni kubwa nyuma yao, waliokaa miaka wakitengeneza gemu ya mashine fulani, na kabla hawajamaliza mwenye mashine akafunga mlango. Hoja yangu ni fupi, na najua haiwapendezi wote walioandika kwenye kurasa zinazofuata: gemu ya namna hiyo, aliyeitengeneza aiachie. Aitoe bure kama ilivyo, hata kama nusu yake haijakaa sawa, iende kwa watu ambao mashine bado wanazo. Na watu hao, kwa sehemu kubwa, ni sisi.

Kwanza tuelewane kuhusu huo mlango, maana wengi hudhani mashine ya gemu hufa kwa kuharibika. Gemu haiingii kwenye mashine hivihivi. Kampuni hutia sahihi yake ya kidijitali kwenye kila gemu iliyoikubali, na mashine huikagua sahihi hiyo kabla ya jambo lingine lolote. Isipoiona, inagoma. Mtengenezaji hupewa kwa mkataba mashine maalumu ya majaribio, ambayo inakubali kazi isiyotiwa sahihi, na hiyo ndiyo anayofanyia kazi yake. Siku kampuni inapoacha kutia sahihi, gemu iliyobakiza wiki mbili kukamilika inakuwa sawa na ambayo haijaanzwa. Mashine zenyewe wakati huo ziko mamilioni majumbani mwa watu, nzima kabisa.

Chukua PlayStation Vita, ile ya mkononi. Ilianza kuuzwa Japani Desemba 2011, ikapendwa na watengenezaji wadogo kuliko ilivyopendwa na wanunuzi, na mwaka 2019 utengenezaji ukakoma. Machi 2021 Sony ilitangaza kwamba italifunga duka lake la mtandaoni. Wachezaji wakapiga kelele, na Aprili kampuni ikarudi nyuma, duka likabaki. Watu wakashangilia. Kilichopita kimyakimya ni kwamba mlango wa gemu mpya ulifungwa Julai ya mwaka huohuo: za zamani ziliendelea kuuzwa, mpya hazikuingia tena. Aliyekuwa amebakiza miezi mitatu ya kazi hakualikwa kwenye sherehe ile. Wii U ya Nintendo ilikuwa na bahati mbaya zaidi. Ilitoka Novemba 2012, haikufika hata mashine milioni 14, ikaachwa kutengenezwa Januari 2017, na duka lake likafungwa pamoja na la 3DS, mashine nyingine ya kampuni hiyohiyo, Machi 27, 2023. Hapo katikati zimelala gemu nyingi zilizoahidiwa kwa watu waliozichangia fedha mapema, na ambazo hazikufika kwenye mashine ile.

Msomaji wa Kigoma atasema hayo ni ya Wajapani. Ya kwetu yalikuwa kwenye Nokia. Kwa kizazi cha Afrika Mashariki kilichokua kabla simu za kugusa hazijashuka bei, mashine ya gemu ilikuwa simu ya vitufe. Mwaka 2011 vijana wa Planet Rackus jijini Nairobi walitoa Ma3Racer, gemu ya kukimbiza matatu katika mitaa ya Nairobi, kupitia duka la Nokia, na ikapakuliwa na watu wa nchi nyingi ambazo hazijawahi kuona matatu. Ilionekana njia imepatikana. Kuanzia Januari 1, 2014 Nokia iliacha kupokea programu mpya za Symbian, mfumo wa simu zake, ikaacha hata kupokea marekebisho ya zile zilizokuwamo, na mwaka 2015 duka lenyewe likakabidhiwa kwa Opera. Walioweza walihamia Android. Kazi za wasioweza zilikwama zilipokuwa zimefika. Na mambo hayo hayajaisha: mwaka 2019 Vodacom Tanzania ilileta Smart Kitochi, simu ya vitufe yenye intaneti inayotumia mfumo wa KaiOS, watu wakaipokea vizuri, na mwanzoni mwa 2025 WhatsApp ikaupa mgongo mfumo huo. Kama kuna kijana ana gemu nusu aliyoianza kwa ajili ya kitochi hicho, ajue muda unamtupa mkono.

Sasa niseme jinsi gemu hizi zinavyokufa kwetu, maana haifanani na ya Ulaya. Huko faili hubaki kwenye diski ngumu ya kampuni iliyofilisika, na siku moja mtu huinunua mnadani. Huku linalotokea ni hili: kompyuta mpakato inakuwa nzito, inapelekwa kwa fundi, fundi anauliza kama kuna kitu cha maana, mwenyewe anasema picha tu. Picha zinahamishiwa kwenye flashi. Fundi anapiga window upya. Kwenye folda ambayo hakuna aliyeitaja kulikuwa na miezi minane ya usiku, ramani zilizochorwa nukta kwa nukta, sauti zilizorekodiwa chumbani dirisha likiwa limefungwa ili bodaboda zisisikike. Mwenyewe anakumbuka baada ya wiki, anacheka, anasema basi, haikuwa imeisha. Neno hilo, haikuwa imeisha, ndilo linaloniudhi. Nusu ya madaftari tunayoyathamini leo ya waandishi waliokufa hayakuwa yameisha.

Tena zile zilizotoka nazo si salama. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, ilionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa nchini humo kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni kwa njia halali. Hizo zilikuwa na kava, matangazo na namba za mauzo. Ambayo haikutoka haina hata mtu wa kuihesabu. Kwetu hapa sheria ya huduma za maktaba ya mwaka 1975 inamtaka mchapishaji apeleke nakala za kitabu chake kwenye hifadhi ya taifa. Gemu hakuna anayeiulizia. Wazee wa Ujiji wanaocheza bao chini ya miembe wametuzidi akili kwa hili: mchezo wao hausubiri sahihi ya mtu.

Kuna jambo ambalo mwandishi wa London au Tokyo hawezi kuliona vizuri, na ndilo linalonipa ujasiri wa kusema. Ukisimama Ujiji, gemu iliyotolewa na ambayo haikutolewa hazina tofauti kubwa. Duka la PlayStation halijawahi kufunguliwa rasmi kwa Tanzania. Mwenye mashine mpya hapa hujiandikisha kama mkazi wa Afrika Kusini, Uingereza au Marekani. Mei 2024, Sony ilipotaka kila mchezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti yake, gemu hiyo iliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170, za kwetu zikiwamo, kwa sababu akaunti hizo huku hazitolewi. Kwa duka hilo, hakuna gemu iliyowahi kututokea rasmi. Zote tumezipata kwa njia za uani, kwa mikono ya watu, tena nyingi zikiwa zimechelewa miaka kumi. Ndiyo maana tunajua kuishi na mashine iliyoachwa. PS2 iliyovumilia umeme wa majenereta ya dizeli ya Kigoma haiuawi na tangazo la kampuni.

Tazama inavyofanyika. Jicho la kusomea diski likichoka, fundi hulifuta kwa pamba na spiriti, na likikataa kabisa haliulizwi tena. Inatafutwa kadi ya kumbukumbu, ile ndogo ya MB 8, inawekewa programu ya kuamsha mashine bila diski, na gemu zinasomwa kutoka kwenye flashi. Flashi ya kawaida inakubali, ila tundu la PS2 ni la kizazi cha kwanza cha USB na ni la polepole, kwa hiyo filamu ya mwanzo wa gemu hukwamakwama, halafu mechi ikianza mambo yanakuwa shwari. Ukinunua mashine nyembamba za toleo la mwisho utalia, maana baadhi yake kadi hiyo haiamshi kitu. Haya yote vijana wa mabanda wanayajua kuliko mimi, na hakuna aliyewafundisha darasani. Mashine ikishafunguliwa hivyo, sahihi ya kampuni haina kazi tena. Gemu iliyotengenezwa jana na mwanafunzi wa Kasulu, ikiwa imeandikwa kwa ajili ya PS2, itawaka kwenye mashine ileile inayowasha PES.

Nisijifanye sioni: karibu kila kilichomo kwenye flashi hizo hakikulipiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda kitabu na wimbo, na mtengenezaji wa Nairobi au Dar es Salaam anayeuza gemu yake leo anaumizwa na flashi hizo kama anavyoumizwa mwanamuziki. Anayemnyang'anya huyo sina neno la kumtetea. Ila gemu ambayo hakuna anayeiuza, na ambayo mwenye mashine ameshatamka kwamba hataruhusu iuzwe, hainyang'anyi mtu mkate. Anayeweza kuiachia ni aliyeitengeneza, na ninamwomba yeye, kwa hiari yake. Sipendi njia iliyotumika Februari 2021 kwa Dinosaur Planet, gemu ya Nintendo 64 iliyoachwa njiani na kampuni ya Rare, ambayo ilivujishwa na wapenzi wa gemu bila ridhaa ya waliohenyeka nayo. Nilifurahi kuiona, sikatai. Lakini ilistahili kutolewa na mikono iliyoitengeneza.

Mwenzangu mmoja wa meza ya uhariri ameandika humu kwamba msanii ana haki ya kuzika kazi yake. Msomeni, ameandika vizuri. Mimi namjibu kwa chombo ambacho kila mtu wa pwani hii anakijua. Meli ya Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa reli hadi Kigoma na kushushwa ziwani Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani walikimbia na kuizamisha wenyewe karibu na Mto Malagarasi ili adui asiipate. Lakini mafundi walewale walioijenga walizipaka injini grisi nzito kabla ya kuizamisha. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walikuta injini bado nzuri, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Basi mwenye kuzika azike, ila apake grisi. Kwa gemu, grisi yenyewe ni faili asilia, maelezo ya nini kinafanya kazi na nini hakifanyi, na nakala zaidi ya moja.

Kwamba hili linawezekana si ndoto yangu. Star Fox 2 ilikamilika katikati ya miaka ya 1990, Nintendo ikaiweka kabatini kwa sababu mashine mpya ilikuwa njiani, na ikatolewa Septemba 2017, zaidi ya miaka ishirini baadaye, ndani ya mashine ndogo ya SNES. Dreamcast ya Sega iliachwa mwaka 2001, lakini watengenezaji wadogo hawajawahi kuacha kuitolea gemu mpya. Sturmwind ya Wajerumani ilitoka 2013. Brian Provinciano wa Kanada aliitoa Shakedown: Hawaii kwenye Wii na Wii U mwaka 2020, watu wakiwa wamezisahau. Hakuna kati yao aliyesubiri mashine irudi kwenye fasheni.

Ndani ya toleo hili utakuta mazungumzo na mwenye banda wa Mwanga, ambaye ana maoni makali kuhusu vijana wanaopiga padi mezani wakifungwa. Kuna makala ya kiufundi ya kuhamisha gemu ya Java ya simu za zamani kwenda Android, na hiyo ya mwenzangu niliyoitaja. Sikubaliani na zote.

Kwako wewe mwenye gemu iliyokwama, ya mradi wa mwaka wa mwisho chuoni, ya Nokia, ya kitochi au ya mashine yoyote: kabla fundi hajapiga window, nakili folda nzima kwenye flashi mbili, moja mpe mtu mwingine. Andika kwenye faili la kawaida jina la gemu, mwaka, mashine uliyoilenga, watu uliofanya nao kazi, na sehemu inayogoma. Kisha amua kama unaiachia, na chini ya masharti gani, uyaandike hayo pia. Ukiamua kuiachia, tuletee. Tutaichapisha jina lako likiwa mbele, na jioni hiyohiyo itajaribiwa Mwanga na watu ambao hawatakuficha ubovu wake.