Anza na Zizi Lako

Kifua kikuu si ugonjwa wa watu peke yao. Iko namna moja inayoshika ng'ombe. Ng'ombe mgonjwa aweza kuonekana mzima na mnene, kumbe vidudu vimo katika mapafu yake, na mara nyingine katika maziwa yake. Mtoto akinywa maziwa hayo mabichi, ugonjwa waweza kumshika tumboni, katika tezi za shingo au katika mifupa.

Waingereza waliijua sana huzuni hii. Karibu mwaka 1930, ng'ombe wa maziwa wapata 40 katika kila 100 walikuwa na vidudu hivi, na watu zaidi ya 2,000 walikufa kila mwaka. Walifanya nini? Walipasha maziwa moto kabla ya kuyauza. Tena kuanzia mwaka 1950 walipima ng'ombe kwa lazima, wakawachinja wagonjwa. Ugonjwa ukapungua sana, lakini haukuisha.

Mwaka 1971, katika jimbo la Gloucestershire, melesi mmoja aliyekufa alionekana kuwa na kifua kikuu. Melesi ni nyama wa pori mwenye mistari usoni, achimbaye mashimo, wa ukoo wa nyegere. Wafugaji wengi wakasema: Huyu ndiye adui, auawe!

Basi kuanzia mwaka 1998 mpaka 2005 serikali ilijaribu jambo hilo kwa utaratibu. Melesi karibu 11,000 waliuawa. Mahali walipouawa kila mwaka, ugonjwa wa ng'ombe ulipungua karibu 23 kwa 100. Lakini kando ya mahali pale uliongezeka karibu 25 kwa 100! Kwa sababu gani? Melesi hukaa jamaa kwa jamaa, kila jamaa na mipaka yake. Wengi wakiuawa, waliobaki hutangatanga na kupeleka ugonjwa mbali.

Tangu mwaka 2013 wameuawa tena, zaidi ya 200,000. Wengine husema ng'ombe wamepata nafuu. Huenda ni kweli. Lakini wakati ule ule vipimo vya ng'ombe viliongezwa pia. Nani atajua ni kazi gani iliyosaidia?

Mimi nasema hivi: melesi ana sehemu yake, lakini ng'ombe huambukizwa zaidi na ng'ombe mwenzake. Mfugaji anayenunua ng'ombe bila kumpima huingiza ugonjwa zizini kwa mkono wake mwenyewe, kisha huenda porini na bunduki. Heri apime kwanza. Heri afunge ghala ya chakula cha ng'ombe, melesi asiingie. Na melesi wachomwe sindano ya BCG, ile ile tunayowachoma watoto wetu. Uingereza imeruhusu hivyo tangu mwaka 2010.

Nawe uliye hapa Kongo, huna melesi. Lakini una ng'ombe, au jirani yako anao. Usitafute adui mbali wakati sufuria iko jikoni. Chemsha maziwa mpaka yafure, kila siku, hata ya ng'ombe mnene. Ukitaka maziwa ya mgando, chemsha kwanza, ndipo ugandishe. Ukikohoa zaidi ya majuma mawili, au mtoto akivimba tezi za shingo, njoo hospitali upesi, ukamwambie munganga kama mnakunywa maziwa mabichi nyumbani. Usione haya kusema. Dawa ziko, na kifua kikuu kinapona.