Tufunze Watoto Kutafuta Kitabu

Wasee, niwaulize: mara ya mwisho mliingia maktaba, mlitoa kitabu kwa rafu ama mlibeba noti zenu mkatafuta meza na kimya? Mimi, kimya tu. Nilikuwa nimemaliza sekondari ndio nikajua zile namba kwa mgongo wa kitabu si mapambo. Siku hiyo nilizunguka nusu saa nikiona haya kuuliza, nikatoka mikono mitupu. Kitabu kilikuwa hapo hapo.

Na si ngumu! Maktaba nyingi hutumia mpangilio wa Dewey, wa tangu 1876. Maarifa yote yamegawanywa mafungu 10: sayansi iko 500, fasihi 800, historia na jiografia 900. Mtoto wa gredi ya 4 anayependa boli atafute mada yake kwa katalogi, apate 796.334, afuate namba hadi kwa rafu. Ni kama kutafuta nyumba kwa ploti: geti, floo, mlango.

Mtasema, "Si kuna simu?" Sawa, lakini si kila mtoi ana bando. Na simu hukuonyesha kile imekuchagulia. Kwa rafu, unachagua mwenyewe.

Kumwambia mtoto "enda maktaba" bila kumfunza kutafuta ni kumpa kufuli bila ufunguo. Walimu, jaribuni wiki moja tu. Wapeni watoto mada tano, waende wawinde vitabu. Akipata cha kwanza bila kusaidiwa, atarudi bila kutumwa.